Kipimo cha Kutosha

Msomaji wa magazeti ya Paris katika miaka ya 1960 alimjua Michel Bosquet, mwandishi wa habari za uchumi wa L'Express na baadaye wa Le Nouvel Observateur, gazeti alilosaidia kulianzisha mwaka 1964. Msomaji wa falsafa alimjua André Gorz, mtu wa karibu wa mwanafalsafa Sartre. Alikuwa mtu mmoja huyohuyo, na majina yote mawili hakuzaliwa nayo: alizaliwa Vienna mwaka 1923, baba yake Myahudi muuza mbao, akaitwa Gerhart. Kinachonivuta kwake si hayo majina. Ni kwamba mwanahabari alikusanya bei, saa na mishahara, kisha mwanafalsafa akauliza swali ambalo kurasa za uchumi huliruka: mtu hujuaje kwamba alichonacho kinatosha?

Jibu jepesi ni kwamba kutosheka ni jambo la moyo. Wahubiri hulipenda jibu hilo, na waajiri vilevile. Gorz alilikataa. Katika Métamorphoses du travail, kitabu cha mwaka 1988, alirudia jambo lililowahi kuelezwa na mwanasosholojia Max Weber: kibarua wa zamani alipoongezewa malipo hakuzidisha kazi, aliipunguza, maana alichohitaji alikuwa ameshakipata. Ili abaki kazini kutwa ilibidi kwanza kipimo chake kivunjwe. Sisi huku Afrika Mashariki hatukuhitaji kitabu cha Kifaransa kulijua hilo. Wajerumani na Waingereza walipotoza kodi ya kibanda kwa fedha taslimu, mkulima aliyekuwa na chakula ghalani akajikuta hana kitu mbele ya karani, na mlowezi akapata vibarua. Kisha mkulima huyo akaitwa mvivu kwa sababu, kodi ikishalipwa, alitaka kurudi shambani kwake.

Basi kutosha hutengenezwa au huharibiwa na jinsi jamii ilivyopangwa. Mfano ambao Gorz aliushughulikia vizuri kuliko yote ni gari, katika insha ya mwaka 1973. Gari, alisema, ni kama jumba la ufukweni: lina faida maadamu wengi hawana. Wote wakilipata, wote wanakwama. Akimtegemea mwanafikra Ivan Illich, alijumlisha saa ambazo Mmarekani wa kawaida hulitumikia gari lake, za kuliendesha na za kufanya kazi ili alilipie pamoja na mafuta na bima: zaidi ya 1,500 kwa mwaka, kwa safari ya kilomita 10,000 hivi. Mwendo huo haumpiti sana mtembea kwa miguu. Hesabu hiyo inachekesha, lakini uzito wa hoja uko kwingine. Mji ukishajengwa kwa ajili ya magari, soko na hospitali zikasogezwa mbali, hakuna tena anayeweza kusema miguu yake inamtosha. Hata mwenye kiasi kuliko wote atalinunua gari, na hapo tusimlaumu kwa tamaa.

Kwa sababu hiyo Gorz alidai saa za kazi zipunguzwe kwa wote, na katika miaka ya 1990 akaunga mkono kipato cha uhakika kisicho na masharti, wazo ambalo awali alilipinga. Maskini ana haki ya kukereka akisikia neno "inatosha" kutoka Paris. Ila Gorz hakumwambia mwenye kidogo aridhike. Alimgeukia mwenye mshahara mnono na kumwuliza wakati wake wa mapumziko ameupata wapi, akaonyesha kwamba mara nyingi ameununua kwa bei rahisi kutoka kwa mtu anayemfulia, kumpikia na kumlelea watoto.

Jambo moja ninabishana naye. Aliamini kwamba kazi za nyumbani na kuuguza jamaa hazifai kugeuzwa ajira ya mshahara, kwa kuwa thamani yake haipimwi kwa saa. Yeye mwenyewe alistaafu mwaka 1983, mkewe Dorine akiwa mgonjwa, akaishi naye mashambani hadi walipojiua pamoja mwaka 2007. Lakini huo ulikuwa uchaguzi wa mtu mwenye pensheni. Dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri, Dar es Salaam au Nairobi, kumwogesha mtoto wa tajiri wake, huenda naye ana mama mgonjwa kijijini. Kabla hajaambiwa kwamba kulea hakuna bei, alipwe kima cha chini cha mshahara na apewe siku yake ya kupumzika.