Subira ya Ayubu Haikuwa Ukimya

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, vikaua watu zaidi ya 80. Baada ya msiba wa namna hiyo, aliyenusurika huambiwa amshukuru Mungu. Ni neno jema. Lakini akiambiwa mwenye kisukari ambaye dawa zake na kadi ya kliniki vimefukiwa, mara nyingi humziba mdomo: akisema anaogopa, ni mtovu wa shukrani, akiulizia insulini mbele ya waliofiwa, anajijali mwenyewe. Je, imani inamtaka anyamaze? Naamini haimtaki, na shahidi wangu ni Ayubu.

Ayubu alipatwa na maafa na maradhi kwa pamoja. Biblia yasimulia upepo ulivyoangusha nyumba juu ya wanawe, kisha majipu yakamjaa mwilini. Rafiki zake waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo ndipo walipomfaa zaidi. Walipofungua vinywa wakamlaumu. Ayubu alilalamika hadi akailaani siku aliyozaliwa. Ni kweli Mungu alimhoji naye, tena kwa ukali, lakini hasira yake iliwashukia wale rafiki. Kurani nayo yamtaja akimlilia Mola wake kwamba amepatwa na dhara, na bado yamsifu kwa subira. Tena aliamriwa apige ardhi kwa mguu wake apate maji ya kuoga na kunywa. Hata muujiza ulimtaka mgonjwa atende jambo.

Wapo watakaosema malalamiko huzidisha wasiwasi, na wasiwasi huzidisha ugonjwa. La pili ni kweli: mwili ulioshtuka hutoa homoni zinazopandisha sukari na presha. Ila hofu haitoki kwa kukemewa, na hofu ya mgonjwa huyu ina sababu. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiikosa siku chache tu anaweza kufa. Anayeihangaikia chupa yake, akaifukia kivulini ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, analinda amana aliyopewa. Wala kumtafutia dawa aliye hai hakumpunguzii marehemu heshima yake.

Basi shehe, padri au mchungaji uendaye kambini kuwafariji waathirika, ukimaliza dua uliza kwa sauti: nani hapa anatumia dawa za kila siku, na zimebaki za siku ngapi?