Mwenye Shamba Ni Nani?

Kule Wallasea, Uingereza, watu walijenga ukuta kuzuia bahari, wakalima ngano. Baadaye wakaleta zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa chini ya jiji la London, wakainua ardhi, na mwaka 2015 wakatoboa ukuta wenyewe. Maji yakarudi. Leo ndege wanataga hapo, na watu wanatembea wakiwatazama.

Ukihesabu magunia, hiyo ni hasara. Lakini Walawi 25:23 yatukumbusha ardhi ni ya Mungu. Sisi ni wapangaji tu. Sasa wewe unayelima mpaka mtoni, mvua ikinyesha tope lako linaingia kwa jirani. Wiki hii rudi nyuma, acha matete yaote. Mwenye shamba anaona. Amina.