Kura Sita, Ushahidi Sita

Ndugu zangu, mtu wa Bondeni hapa Nakuru ashikaye dini yake huulizwa kila baada ya miaka mitano: "Wewe wa chama gani?" Ingefaa aulizwe: "Washuhudia nini?" Kwani kura ni ushahidi, na tangu mwaka 2013 mpiga kura hutiwa mkononi karatasi sita: ya Rais, Gavana, Seneta, Mwakilishi wa Wanawake, Mbunge na Mwakilishi wa Wadi. Wengi wetu huipima ile ya juu tu, na tano zilizobaki hufuata rangi ya chama kama mkia.

Hapo ndipo tukoseapo. Leseni za pombe, masoko na makaburi, kwa Katiba ya 2010, ni kazi za kaunti, si za Rais. Basi alalamikaye kilabu cha pombe mlangoni kwake, ilhali kura ya wadi alimpa asiyemjua, na aulaumu mkono wake.

Mimi sasa humpima kila mgombea kwa kazi aombayo. Akija aswaliye sana naye ni mla mali ya umma, simpi: swala yake ni yake, khiyana yake ni yetu sote.

Wabillahi tawfiq.