Goti la Akhwari

Msikilizaji wa Endagikot, kabla hujashika jembe, mkumbuke mwana wa Mbulu, John Stephen Akhwari. Oktoba 20, 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico, alianguka akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshamaliza zaidi ya saa moja kabla yake, giza limeingia, watazamaji wengi wameondoka. Ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Akawa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Wengine waliishia njiani. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashika nafasi ya tano katika marathoni.

Ndugu yangu, kuanguka si kushindwa. Uliloliacha jana, lirudie leo. Asubuhi njema.