Nilikuwa Nasubiri Ishara



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nataka nikusimulie habari ya barua niliyochelewa kuiandika.

Nilipokaribia kumaliza falsafa nilitakiwa kuandika barua ya kuomba kuendelea na teolojia. Ukurasa mmoja tu. Nilikaa nayo miezi miwili. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Bado nasali." Na kweli nilikuwa nasali, ila sala yenyewe ilikuwa moja: Bwana, nipe ishara. Nilifikia hatua ya kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole, kama mtu anayecheza bahati nasibu. Siku moja kidole kikaangukia orodha ya majina ya koo za Israeli. Nikafunga kitabu.

Kwa kweli shida yangu haikuwa kukosa ishara. Baba alishafariki, mimi ndiye mtoto wa kwanza, na nina wadogo wawili wanaosoma. Kila nikishika kalamu nilimwona mama sokoni na mafungu yake ya nyanya. Nikajiuliza, kwa nini nisitoke, nitafute kazi, nimsaidie? Sikuweza kuamua. Nilitaka Mungu aamue Yeye, ili mambo yakiharibika asiwepo wa kunilaumu.

Jioni moja mlezi wangu wa kiroho akaniuliza, "Frateri, unasubiri Mungu aseme, au unasubiri hofu iishe?" Sikuwa na jibu.

Nikamrudia Mtakatifu Thomaso wa Akwino, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimemsoma kwa ajili ya mitihani tu. Anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima lipi ni jema, kisha kujiamuru kulitenda. Na kwake lililo kuu ni hilo la tatu. Yaani mtu anayeomba ushauri mwaka mzima, akapima kila upande, halafu hachukui hatua, huyo busara yake haijakamilika, hata kama watu wanamsifu kuwa mtulivu. Anasema pia kwamba katika mambo ya wanadamu hatuwezi kudai uhakika kama ule wa hesabu. Mbili na mbili ni nne, hapo huhitaji ujasiri. Ujasiri unahitajika pale ambapo umepima kwa moyo safi na bado huoni mwisho wa njia. Naye aliyaishi hayo: alipochagua kuwa Mdominikani, ndugu zake walimkamata mwaka 1244 wakamzuia karibu mwaka mzima. Hakubadili nia.

Utaniambia, mbona Gideoni aliomba ishara ya manyoya ya kondoo, tena mara mbili? Soma vizuri sura ya 6 ya Waamuzi. Kabla ya manyoya, Mungu alikuwa ameshamwambia la kufanya, na Gideoni mwenyewe analikiri hilo anapoomba. Ishara haikumpa habari mpya. Mungu aliuvumilia tu woga wake. Mimi nilikuwa nauita woga wangu mang'amuzi.

Sasa, je, ukikosea? Swali hili ni la haki. Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatusaidia. Kwanza, tunachagua kati ya mambo yasiyo dhambi. Huhitaji novena ili ujue kama upokee rushwa au usipokee. Jibu unalo tayari. Pili, ukishaamua vizuri, usibadili uamuzi wakati wa ukavu na giza la moyo, maana saa hiyo mshauri wako siye Roho mwema. Nami naongeza la kwangu: uamuzi mwema haupimwi kwa matokeo peke yake. Unaweza kuamua kwa dhamiri safi na bado ukapita kwenye machozi. Hiyo haina maana kwamba Mungu alikuficha kitu. Tena hata tukikosea kwa nia njema, Yeye hashindwi kututafutia njia kutoka pale tulipo.

Mwenzangu tuliyekaa naye darasani alipita njia hiyohiyo: alisali, akaomba shauri, akapima. Yeye aliamua kutoka seminari. Mimi niliamua kubaki. Naamini wote wawili tuliamua kama Wakristo.

Kabla ya kupeleka barua nilimpigia mama simu, nikamweleza yote, pamoja na habari ya ada ya wadogo zangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nenda baba. Usinifanye mimi kuwa sababu ya kuogopa." Nililia. Usiku ule nikaandika. Hofu haikuisha, niliandika nayo palepale mezani. Ada bado inatusumbua mpaka leo, na sijui miaka ijayo itakuwaje. Ila nalala usingizi, kitu ambacho miezi ile miwili sikukipata.

Kijana mwenzangu, huenda nawe una barua yako: ndoa, kazi, chuo, wito, au kumwambia mtu ukweli. Kama umeshasali, umeshaomba shauri na umeshapima, jiulize lile swali la mlezi wangu. Kisha shika kalamu. Mkristo anaamua kwa ujasiri kwa sababu anajua anatembea na nani, hata asipojua atafika wapi.

Tuombeane.