Zakaria Aliomba Kibao



Yasomeni tena mambo ya Zakaria katika Injili ya Luka, sura ya kwanza. Siku ya nane jamaa na majirani wamekusanyika, nao wamekwisha kumchagulia mtoto jina la baba yake. Mama anakataa, hawamsadiki. Baba hawezi kusema. Ndipo wanampungia mikono wajue anatakaje, naye anaomba kibao, anaandika jina, na shauri linakwisha. Twapenda kuhubiri juu ya ulimi wake uliofunguliwa. Lakini angalieni vema: aliandika kwanza, angali bubu, na neno lake lilikuwa neno kamili.

Hapa Manyamanyama nasi tunao watoto wasiosema kwa kinywa. Wako ambao si viziwi. Husikia pikipiki kabla yetu, na ngoma za kwaya zikianza huziba masikio. Hali ya namna hii huweza kuwa usonji. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mwaka 1943, akitoa habari za watoto 11, na watatu kati yao hawakusema. Si uchawi, wala si laana ya ukoo, wala si malezi mabaya ya mama. Anayemtoza mama huyo mbuzi ili amfungue mwanawe ulimi anamwibia.

Na tena mtoto huyu husema. Humshika mama mkono akampeleka kwenye mtungi. Huleta kandambili, maana yake twende. Kilio chake cha njaa ni kimoja, na cha shati jipya linalomkwaruza ni kingine. Mama anavijua vyote; sisi twamwambia anajifariji tu. Ndiyo yale yale ya Elisabeti.

Kibao chake chaweza kuwa kipande cha boksi. Mwaka 1985, huko Delaware, Marekani, Andy Bondy na Lori Frost walianzisha njia ya picha. Mtoto anayetaka maji huchukua picha ya kikombe, huitia mkononi mwa mwenzake, naye hupewa maji papo hapo. Mwanzoni haulizwi anataka nini. Mtu wa pili hukaa nyuma yake, humwongoza mkono kimya, kisha humwachia kidogo kidogo mpaka atende mwenyewe.

Wazazi huogopa kwamba picha zitamzuia asiseme kamwe. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2006 hayakuona mtu hata mmoja aliyepungukiwa maneno kwa ajili ya picha au ishara. Wengi waliongeza, ingawa kidogo. Kanisa letu lilianza kuwafundisha vipofu kule Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, nao wakasoma kwa vidole. Nani leo asemaye kwamba kule si kusoma?

Lakini tujihadhari. Iko njia nyingine ambayo msaidizi hushika mkono wa mtoto juu ya herufi, wala hauachi, na barua nzuri hutokea. Majaribio yalionyesha kwamba maneno yale yalitoka kwa msaidizi, bila hata yeye kujua, na mwaka 1994 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka kwamba njia hiyo haijathibitika. Jamaa wa Zakaria walimpa kibao, hawakumshika mkono.

Liko na jambo linalotukalia moyoni. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chaagiza kwamba katika Kipaimara kila mmoja ajibu kwa sauti ya kusikika. Je, kijana asiye na sauti akae nje, huku wenzake wa rika wakipiga magoti mbele ya Askofu? Hatuoni hivyo, maana Zakaria mwenyewe alikuwa kuhani. Twamwomba kasisi alifikishe jambo hili kwa Baba Askofu mapema, kijana aruhusiwe kujibu kwa picha au kwa ishara. Naye afundishwe picha ya "hapana" kama alivyofundishwa ya "ndiyo", aitumie nyumbani na katika Shule ya Jumapili, na tumkubalie anapoitoa. Tusipofanya hivyo, hatutajua siku ile kama amekubali au tumemkubalisha.

Mwenye maboksi safi, mkasi au kalamu za rangi amkabidhi mwalimu wa Shule ya Jumapili baada ya ibada. Akina mama wa watoto hawa ndio watakaotuambia tuchore nini kwanza.