Mtoto Asiyetulia: Lawama ni ya Nani?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kwa tabia mbali mbali, akawapa wazazi watoto kuwa amana mikononi mwao. Ama baada ya hayo.

Yuko mtoto ambaye kila mtaa wamjua. Akiketishwa husimama; akitumwa husahau alilotumwa kabla hajafika njiani; akisomeshwa, macho yake humfuata ndege aliye nje ya dirisha; akikatazwa jambo hulirudia kabla ya machozi ya adhabu ya kwanza kukauka. Mbele ya mtoto huyu watu hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza husema: "Mama yake ndiye aliyemharibu, hakumlea." La pili husema: "Mtoto mwenyewe ni mbaya, hajaonja fimbo ya kutosha." La tatu husema: "Ndivyo alivyoandikiwa, hapana la kufanya." Kisha hukunja mikono.

Mafungu yote matatu yamekwisha kuhukumu, wala hapana hata moja lililoleta shahidi. Na hukumu isiyo na shahidi, hata ikitolewa barazani juu ya kikombe cha kahawa, ni hukumu; ina mtu iliyemwangukia, naye hupata uchungu wake. Kwa hivyo suala hili si la matabibu peke yao. Ni suala la uadilifu: mtoto asipotulia, ni nani apasaye kulaumiwa? Na je, lawama yenyewe yafaa kitu?

Jua, ewe msomaji, ya kuwa jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1902 tabibu wa watoto wa Kiingereza, George Still, alitoa mihadhara mitatu mbele ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu mjini London. Aliwaeleza watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia wala kushikamana na jambo moja. Yeye aliuita upungufu huo upungufu wa kutawala nafsi kimaadili. Lakini hakuficha kuwa baadhi yao walitoka katika nyumba zenye malezi mema. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza iliyowafanya wenye insafu kusita kabla ya kumlaumu mama.

Hoja ya pili, yenye nguvu zaidi, imetoka kwa mapacha. Mapacha wa yai moja wameshiriki maumbile yao yote ya kurithi. Mapacha wa mayai mawili wameshiriki kiasi cha washirikicho ndugu wengine. Lakini hawa na hawa hulelewa katika nyumba moja, na mama mmoja, kwa sufuria moja. Lau utukutu ungekuwa watokana na malezi peke yake, mapacha wa namna zote mbili wangalifanana sawasawa. Sivyo ilivyoonekana. Mwaka 2019 Stephen Faraone na Henrik Larsson walikusanya matokeo ya chunguzi 37 za mapacha, wakapata kuwa kiasi cha 74 katika kila 100 ya tofauti zilizopo baina ya watu katika jambo hili zarejea kwenye maumbile ya kurithi. Hesabu hii haisemi kuwa mtoto fulani ana sehemu 74 za kuzaliwa nazo na 26 za kulelewa. Yahusu tofauti za watu wengi wakipimwa pamoja. Lakini yatosha kuwafunga midomo waliokuwa wakisema kuwa kila mtoto asiyetulia ana mama asiyejua kulea.

Basi fungu la kwanza limeshindwa. Ila fungu la tatu lisifurahi. Huko Romania, utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwezi wa Disemba 1989, ulimwengu uliona majumba ya mayatima ambamo watoto wachanga walikuwa wamelazwa vitandani mchana kutwa, hawakumbatiwi wala hawasemezwi. Wengi walichukuliwa na kulelewa na watu wa Uingereza, na Michael Rutter na wenzake wakawafuata 165 miongoni mwao tangu udogoni hata wakapita umri wa miaka 20. Waliotolewa majumbani humo kabla ya kutimiza miezi 6 ya kukaa walikua wakikaribiana na watoto wa Kiingereza waliolelewa na wasio wazazi wao. Lakini wengi katika waliokaa zaidi ya miezi 6 walidumu na shida, na mojawapo ilikuwa kutotulia na kutoweza kukusanya fikira, hata walipokuwa watu wazima katika nyumba nzuri zenye mapenzi. Ijapokuwa wako pia waliosalimika. Hapa yabainika kuwa kumnyima mtoto mchanga mikono ya kumshika na sauti ya kumsemeza kwaweza kumtia jeraha la miaka mingi. Asemaye kuwa malezi si kitu amesema uwongo kama yule asemaye kuwa malezi ndiyo kila kitu.

Imebaki shubuha moja, nayo ndiyo iliyowapoteza wengi. Watu huona mama apigaye kelele na mtoto asiyetulia katika nyumba moja, wakakata shauri kuwa kelele ndizo zilizozaa utukutu. Lakini mambo mawili kuonekana pamoja si dalili kuwa moja limelizaa la pili. Aonaye miavuli mingi siku ya mvua hasemi kuwa miavuli ndiyo iliyoleta mvua. Mwaka 1979 Russell Barkley na Charles Cunningham walitangaza jaribio lao juu ya jambo hili. Watoto wa kiume watukutu walipewa dawa iitwayo methilfenideti, kwa zamu na vidonge visivyo na dawa ndani yake, na mama zao hawakujua ni lini mtoto amemeza hiki au kile. Wakati wa dawa watoto walitii zaidi. Na akina mama, bila ya kufundishwa neno, walipunguza amri na makaripio yao, wakawaitikia watoto kwa wema zaidi. Mama ni yule yule, na nyumba ni ile ile. Kilichogeuka ni mtoto, na mama akageuka kwa kugeuka kwake. Basi ule ukali ambao majirani waliuona kuwa ndio sababu, sehemu yake ilikuwa ni matokeo.

Hata hivyo ukali huo, ukisha kuzaliwa, huzaa nao. Gerald Patterson wa Oregon, katika kitabu alichokitoa mwaka 1982, alieleza mnyororo wake. Mzazi huamrisha, mtoto hukataa. Mzazi hupaza sauti, mtoto hulia na kurusha vitu. Mzazi huchoka akaacha, na mtoto akajifunza kuwa kelele zafaa. Siku ya pili mzazi huongeza ukali, mtoto akanyamaza kidogo, na mzazi naye akajifunza kuwa ukali wafaa. Hivyo kila mmoja humfundisha mwenziwe ubaya, na hapana hata mmoja aliyekusudia.

Kwa hivyo ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kutotulia, na ukaidi. La kwanza kwa kawaida mtoto amekuja nalo. La pili mara nyingi hujengwa juu ya la kwanza, tofali kwa tofali, katika ule mnyororo. Majaribio ya kuwafundisha wazazi yathibitisha tofauti hii. Mwaka 2013 Edmund Sonuga-Barke na wenzake walipima majaribio mengi. Waliposhuhudia wale waliojua kuwa wazazi wamefundishwa, faida ilionekana. Waliposhuhudia wasiojua, faida juu ya kutotulia kwenyewe haikuthibiti. Lakini mwaka 2014 David Daley na wenzake walionyesha kuwa, hata kwa ushahidi wa wasiojua, ukali wa wazazi hupungua na ukaidi wa watoto hupungua pamoja nao. Tofali zaweza kuondolewa, ijapokuwa ardhi chini yake haikubadilika.

Sasa na litazamwe fungu la pili, watu wa fimbo. Na hoja yao ijibiwe kwa fiqihi wanayoitegemea. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imamu Shafi'i aliyefariki mwaka 660 wa Hijra (1262), aliuliza katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam: ikiwa mtoto hatengenei ila kwa kipigo kikali, je, yajuzu kumpiga hivyo kwa maslaha yake? Akajibu kuwa haijuzu. Wala kipigo chepesi hakijuzu katika hali hiyo. Kwani kipigo chepesi, nacho ni maudhi, kiliruhusiwa kwa kuwa ni njia ya kufikia adabu; na adabu isipopatikana kwacho, njia huanguka kwa kuanguka kusudio lake. Na ilivyo katika madhehebu hayo, mwalimu ampigaye mwanafunzi kwa kumtia adabu, kisha mwanafunzi akafa, hubeba dhamana ya nafsi hiyo.

Upime msingi huu kwa yaliyotangulia. Mtoto ambaye moyo wake hauwezi kushikilia jambo moja kwa muda wa ukurasa hapigwi akapata uwezo huo. Akipigwa leo na kesho na kesho kutwa, na hali ni ile ile, basi mpigaji amekwisha kupata ushahidi kwa mkono wake mwenyewe kuwa njia haifiki. Tangu hapo fimbo yake haina tena jina la adabu. Imebaki maudhi tu, na maudhi kwa asiyeandikiwa dhambi hayana udhuru.

Hata hivyo mtu atauliza: "Je, si husemwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi? Mtoto aachwe afanye apendavyo?" La, hasha! Kuacha fimbo si kuacha malezi. Samaki hukunjwa kwa mkono unaojua ubichi wake. Akunjwaye kwa nguvu huvunjika. Mtoto kama huyu ahitaji malezi zaidi ya ndugu zake, si pungufu: aamrishwe jambo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, na mzazi akiwa karibu naye wala si kwa kumwita toka jikoni; asifiwe papo hapo atendapo jema, kwani sifa ya kesho haimfikii; mpaka uwe mmoja kila siku, usiolegezwa kwa uchovu; na somo likatwe vipande vifupi, mchezo ukiwa baina yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliagiza zamani kuwa mtoto apewe nafasi ya kucheza baada ya chuo, akaonya kuwa kumnyima hufisha moyo wake.

Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kuwa Anas bin Malik, alipokuwa kijana mdogo katika utumishi wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alitumwa haja. Akatoka, akawakuta watoto wakicheza sokoni, akasimama hapo. Mara akahisi ameshikwa kisogoni kwa nyuma. Akageuka, akamwona Mtume anacheka, akimwuliza kwa jina la kumdekeza kama amekwenda alikotumwa. Akajibu kuwa ndiyo, anakwenda. Tazama: haja haikufutwa, na mtoto hakuachiwa, alifuatwa, akashikwa, akakumbushwa, akaenda. Na huyo aliyesahau haja njiani akawa mmoja wa wapokezi wakubwa wa hadithi.

Basi lawama ni ya nani? Juu ya kutotulia, si ya mtoto wala si ya mama. Juu ya litendwalo baada ya kujua, kila mmoja ana hisabu yake: mzazi kwa mkono na ulimi wake, mwalimu kwa fimbo yake, na jirani kwa neno alilolitupa barazani akamwacha mama wa watu akilia usiku. Mzazi hataulizwa kwa nini mtoto wake hakuumbwa mtulivu, ataulizwa alivyomchukulia. Mwenyezi Mungu awape wazazi subira, na walimu upole, na watoto manufaa. Wallahu aalam.